Mluzi wa Dirishani

Fyuuu. Kimya kidogo. Kisha fyuuu tena, ndefu zaidi, ikapanda juu, ikakatika kama uzi uliovutwa kwa hasira.

Mshonaji aliusikia mluzi huo akiwa bado amefumba macho. Alijua kumekucha. Alijua pia kitakachofuata.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ndogo upande wa pili wa ukuta.

Fyuuu.

Sauti ile ndogo ikajijibu yenyewe, taratibu, kwa niaba ya mtu mwingine. "Marahaba, mwanangu."

Halafu kikaja kikohozi. Kilikuwa kikavu, kikali, na hakikutaka kuisha. Mshonaji alijifunika blanketi gubigubi. Lakini blanketi huzuia baridi tu. Halizuii sauti ya mtoto wako.

Binti yake alikuwa na miaka saba. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu zamani mdomo wake haukupumzika. Alizungumza akila, alizungumza akioga, alizungumza hata usingizini. Tangu mama yake afariki, mwaka mmoja uliopita, Chiriku alikuwa amenyamaza. Aliongea na ukuta tu, alfajiri, upepo wa milimani ulipoamka.

Mama yake alikuwa mtu wa miluzi. Alipiga mluzi akifua, akifagia, na jioni akimwita mtoto arudi ndani. Kisha ukaja msimu wa baridi. Akaugua mapafu, akalazwa hospitali, asirudi. Baada ya mazishi, Chiriku akalala peke yake kwa mara ya kwanza katika chumba chake, na alfajiri akasikia mluzi dirishani. Mtoto alijua nani hupiga mluzi nyumbani kwao. Hakumuuliza mtu.

Ukweli ni kwamba nyumba ile ilikuwa inavuja upepo kila upande. Mshonaji aliijenga kwa matofali ya saruji na mabati, akahamia kabla haijakwisha, kama watu wengi wanavyofanya. Dari lilikuwa bado. Kati ya ukuta na mabati palikuwa na pengo la kupitisha mkono. Chini ya mlango panya angeweza kupita bila kuinama. Fremu ya dirisha la chumba cha mtoto ilikaa upande, na kwenye pembe yake ya juu palibaki tundu la unene wa kidole gumba. Upepo ulipopita hapo, ulipiga mluzi.

Mke wake aliliona tundu hilo siku ya kwanza. "Mgeni wako kaja tena," alikuwa akimwambia mumewe kila asubuhi ya baridi. "Ama mkaribishe chai, ama mfukuze." Mshonaji alicheka, akakanyaga cherehani, akasema, "Kesho nitaziba." Alikuwa na makoti ya watu ya kumaliza. Makoti mazito, yenye pamba ndani. Nusu ya mji ilipata joto kutoka mikononi mwake.

*

Wiki ya kwanza ya baridi, mama mkwe wake alifika na mfuko mmoja. Alisema amekuja kumtazama mjukuu. Yeye na Chiriku walilala kitanda kimoja. Asubuhi Bibi alitoka chumbani amejifunga shuka mbili na taulo kichwani.

"Chumba hiki," alisema, "ukitundika nyama, mwezi mzima haiozi."

Chiriku alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na Bibi hakutania tena siku hiyo. Alimpeleka zahanati. Muuguzi alimsikiliza mtoto kifua, akatoa dawa, kisha akauliza maswali. Analala wapi? Kuna unyevu? Kuna moshi? Alisema dawa itasaidia, lakini kifua hakiwezi kupumzika katika chumba cha baridi, chenye unyevu na moshi.

Bibi alirudi na maneno hayo, akaenda nayo moja kwa moja hadi kwenye cherehani.

"Mkwe wangu, simamisha mashine."

Mshonaji aliondoa mguu. Hakumtazama usoni. Alitazama sindano.

"Nimezika mtoto mmoja kutoka nyumba hii," Bibi alisema. "Sina nguvu ya kuzika mwingine. Nitakaa wiki mbili. Chumba kikibaki hivi, naondoka na mke mwenzangu."

Mke mwenza ndivyo alivyomwita mjukuu wake kwa utani, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao. Lakini hapakuwa na utani katika sauti yake. Mshonaji alitaka kusema kwamba mtoto ndiye pumzi yake iliyobaki. Alitaka kusema kwamba bila Chiriku nyumba hiyo itakuwa boksi tupu. Akasema tu, "Nimekusikia, mama."

Akafanya alichokijua. Alikuwa na magunia ya vipande vya vitambaa, mabaki ya miaka. Akavisokomeza kila penye mwanya. Akavishindilia kwenye lile pengo la juu ya ukuta mpaka ngazi ikalia. Akashona pazia la tabaka mbili. Akashona mto mrefu kama nyoka, akaulaza chini ya mlango. Mwisho alifika kwenye pembe ya dirisha akiwa na kipande mkononi. Mkono ulinyanyuka, ukasita, ukarudi mfukoni. Tundu lile peke yake akaliacha.

Jioni akaingiza jiko la mkaa chumbani, akalikalisha karibu na kitanda ili mtoto apate joto kabla ya kulala.

Siku ya nne hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Mabati yalitoa jasho usiku, matone yakaangukia vitambaa, vitambaa vikalowa, chumba kikanuka ukungu. Kikohozi cha Chiriku kikashuka chini zaidi, kikawa kizito. Bibi aliamka na maumivu ya kichwa. Alidhani ni huzuni.

*

Siku ya tano, jua likiwa bado halijazama, jirani alikuja kuchukua ovaroli yake iliyoshonwa mfuko. Alikuwa fundi wa kutengeneza majokofu. Watu walimwita Mama Friji. Kila mara alikuwa na bisibisi mfukoni, kama karani anavyochomeka kalamu. Alikuwa na ulimi mkali na mikono yenye subira.

Alikisikia kikohozi. Akachungulia chumbani. Hakusema hodi wala habari. Alichukua tambara, akalishika jiko kwa vishikio vyake, akalibeba mpaka uani.

"Kwanza jiko, salamu baadaye," alisema akirudi. Akafungua dirisha lote. "Shikamoo, mama. Fungueni na mlango."

Bibi alimwambia kwamba mtoto anasikia baridi.

"Najua, mama. Lakini mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Huoni moshi, unadhani uko salama. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuja. Usingizi huo hauna asubuhi. Na kadiri mnavyoziba chumba, ndivyo inavyojaa."

Bibi aligusa paji la uso wake, kisha akamvuta Chiriku kifuani. Alimtazama mkwe wake. 

Mshonaji alilitazama jiko kule uani. Alikuwa amemwekea mtoto kifo pembeni ya kitanda kwa mkono wake mwenyewe, kwa upendo, na kukipulizia. Aibu ilipompanda, ikatoka kama hasira.

"Sasa nifanye nini, dada? Nisipoziba, atakufa kwa baridi. Nikiziba, atakufa kwa sumu. Na wewe kazi yako ni baridi. Utanifundisha joto?"

Mama Friji hakukasirika. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Jirani, friji haitengenezi baridi. Inalitoa joto nje, halafu inalizuia lisirudi. Ni boksi lililofungwa vizuri, basi. Nyumba yako ni friji iliyogeuzwa. Wewe unataka joto lisitoke. Kazi ni ileile."

Alichana ukanda wa gazeti, yale magazeti ambayo Mshonaji aliyatumia kukatia vipimo vya nguo. Akauweka kwenye fremu ya mlango, akaufunga mlango juu yake, kisha akauvuta. Karatasi ikatoka bila kukwaruza.

"Mlango ukifunga sawasawa, karatasi inabanwa," alisema. "Friji ikiwa hivi, mteja ananirudishia kabla sijafika nyumbani."

Chiriku alitabasamu kidogo. Mama Friji alimwona, akamkonyeza. Akaahidi kurudi kesho yake, upepo ukiwa mkali.

*

Alikuja asubuhi. Kwanza aliwaamuru watoe vitambaa vyote vilivyolowa. Kisha akaomba uzi mnene wa pamba na chaki ya kuchorea nguo. Aliwasha ncha ya uzi, akaupuliza, ikabaki kaa ndogo inayotoa moshi mwembamba. Chaki akampa Chiriku.

"Mimi nashika moshi, wewe unachora. Moshi ukipanda wima, tunapita. Ukilala, kuna mwizi hapo. Mchore."

Walizunguka chumba. Moshi ulilala kwenye bawaba, ukalala kwenye ufa wa kona, ukalala pembeni mwa kioo. Chiriku alichora msalaba kila mahali, akahesabu kwa sauti. Mshonaji, aliyeshika ngazi, alisikia sauti hiyo ikipanda kidogo kidogo na hakuthubutu kupumua. Walipofika ishirini na mbili, Mama Friji alieleza kwamba si kila tundu ni la kuingilia. Mengine ni ya kutokea. "Upepo hauingii mahali usipopata njia ya kutoka," alisema. "Ni kama foleni. Wa mbele asipotoka, wa nyuma haingii."

Kisha akaupeleka uzi kwenye pembe ya dirisha. Hapo moshi haukulala tu. Ulikatika.

"Huyu ndiye mkubwa wao. Mchore huyu."

Chiriku aliirudisha chaki nyuma ya mgongo wake. "Hapo hapana."

"Kwa nini, mwanangu?"

Mtoto alimtazama baba yake. Baba alitazama sakafu.

"Hapo ni pa mama," Chiriku alisema.

Bibi, aliyekuwa mlangoni, alishika fremu kwa mikono miwili. Mshonaji alimtoa Mama Friji uani, akamweleza kwa sauti ya chini habari za mluzi na shikamoo ya alfajiri.  Mama Friji alikwaruza kiganja kwa bisibisi. Mwishowe alisema wataliacha kwa sasa, kwani chumba kilichofungwa kinahitaji pa kupumulia.

"Lakini jirani," aliongeza, "tundu la kupumulia analichagua mwenye nyumba. Anachagua mahali na ukubwa, analiwekea kifuniko. Hilo hukulichagua. Limekuchagua."

*

Kazi ilichukua wiki nzima. Mama Friji alikuja kila alipopata nafasi, akaeleza, na Mshonaji akafanya.

Nyufa za ukuta walizijaza saruji na mchanga. Pembeni mwa vioo walipaka pati, ule udongo laini wa mafundi wa madirisha. Mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu waliukata kanda ndefu, wakazipigilia kuzunguka fremu ya mlango, na ukanda mpana zaidi chini yake. Chiriku ndiye aliyepima kwa gazeti. Jioni moja alivuta karatasi, ikachanika, akaja mbio na kipande mkononi kama aliyeokota kitu cha thamani.

Mshonaji alidhani wataziba na lile pengo la juu ya ukuta. Mama Friji alikataa. Mabati yakifungwa kabisa, alisema, jasho lake halina pa kwenda, na litarudi kichwani kwa mtoto. Pengo waliliwekea wavu wa kuzuia wadudu na ndege, wakaliacha wazi. Dari la plaiwudi wakalipitisha chini yake. Mabati yapumue, chumba kifungwe.

Juu ya dari walilaza vile vipande vyeupe vyepesi vinavyowekwa ndani ya maboksi ili friji isigongwe. Dukani kwa Mama Friji vilijaa hadi mlangoni. Walivipanga bega kwa bega, wakafunika maungio kwa utepe mpana. Mama Friji aliwaonya kwamba vinashika moto upesi. Visikae wazi chumbani, visiguse nyaya za umeme wala taa. Ndiyo maana vinakaa juu ya dari.

Mshonaji alianza kuvisukuma vibanane zaidi.

"Usivibane. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani yake."

Mshonaji alisimama juu ya ngazi, mikono hewani. "Kama koti," alisema polepole. "Pamba ya koti ukiilaza kwa pasi, haina joto tena."

"Ndiyo."

"Na mteja akivaa koti zuri akaacha vifungo wazi, bitana haimsaidii kitu."

"Kwanza vifungo, kisha bitana. Kumbe unaijua kazi yangu."

"Nilikuwa sijui kwamba naijua," Mshonaji alisema. Miaka kumi alikuwa amewashonea watu jibu hilo. Mke wake alikuwa amelala chini ya mabati matupu.

Kazi ilikwisha Ijumaa jioni. Wiki mbili za Bibi zilikuwa zinaisha Jumapili. Mshonaji alipopita mlangoni aliona nguo za Chiriku, gauni lake dogo la bluu likiwa juu kabisa, zimekunjwa, zimewekwa juu ya mfuko wa bibi yake. Akajua Bibi bado yuko tayari kuondoka naye. 

*

Alfajiri ya Jumamosi aliamshwa na ukimya.

Alisubiri. Nje upepo ulikuwa ukitikisa mabati ya jirani. Ndani hapakuwa na mluzi. Hapakuwa na shikamoo. Hapakuwa na kikohozi. Kwa muda wa pumzi moja alifurahi.

Kisha mlango wa nje ukalia.

Alimkuta Chiriku uani, chini ya dirisha la chumba chake, miguu mitupu kwenye umande. Alikuwa amepanda juu ya ndoo. Alikuwa ameweka midomo kwenye lile tundu, akipuliza kwa nguvu. Hakujua kupiga mluzi. Ilitoka pumzi tu.

"Mwanangu, shuka. Utaugua."

Mtoto aligeuka. Uso wote ulikuwa umelowa.

"Mama amenyamaza," alisema. "Umemfungia nje."

Mshonaji alilitazama tundu. Lilikuwa wazi kama alivyoliacha. Ndipo akakumbuka habari ya foleni. Walikuwa wameziba njia zote za kutokea, na upepo haukuwa na sababu ya kuingia. Hakuligusa tundu la mke wake, na bado alikuwa amelinyamazisha.

Alimshusha mtoto kwenye ndoo kama anavyoanua nguo kwenye kamba. Akamfunika koti lake, akaketi naye chini, mgongo ukutani. Angeweza kusema uongo. Angeweza kusema mama amesafiri, mama amelala, mama atarudi kupiga mluzi mahali pengine. Maneno hayo yote yalikuja, yakapanga foleni. Akayaacha nje.

"Chiriku, ule ulikuwa upepo."

Mtoto alilivuta koti mpaka kidevuni.

"Ulikuwepo kabla hujazaliwa. Mama yako aliusikia, na hakuupenda. Aliuita Mgeni. Aliniomba nizibe."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kesho."

"Halafu?"

"Halafu kesho."

"Kesho ngapi, baba?"

Alijaribu kuzihesabu. "Nyingi," alisema. "Nyingi sana, mwanangu."

Chiriku alivuta pua. Alitazama vidole vya miguu yake vikitokeza chini ya koti. "Ndiyo maana alikufa?"

"Daktari alisema hapana. Alisema ni vijidudu vilivyoingia mapafuni, na tundu haliui mtu. Lakini chumba cha baridi na unyevu hakikukisaidia kifua chake. Mimi sikukisaidia." Kisha akasema lile lililobaki, ambalo hakuwahi kujiambia hata mwenyewe. "Na alipoondoka sikuliziba kwa sababu hata mimi nilikuwa naungoja. Kila alfajiri. Nilikuwa naamka kuusikia."

Hapo ndipo alipolia. Hakuwa amelia siku ya mazishi. Aliwapokea watu, akaonyesha viti, akashukuru. Sasa alilia mbele ya mtoto wake, sauti ikamtoka mbaya, kama kitambaa kikichanwa. Chiriku alitoa mkono ndani ya koti, akauweka juu ya goti la baba yake, na hakuuondoa.

Wakakaa hivyo mpaka kukapambazuka.

"Baba," mtoto alisema baadaye. "Mama alikuwa anasikia baridi?"

"Alikuwa anasikia."

"Basi tuzibe."

Waliponyanyuka, walimkuta Bibi amesimama kwenye kona ya nyumba na shuka zake. Hawakujua amekuwa hapo tangu lini. Mshonaji alijiandaa kupokea anachostahili. Lakini Bibi alimpita, akalishika lile tundu kwa kidole.

"Alinipigia simu," alisema bila kugeuka. "Mwanangu. Akasema, mama, njoo ukae nami, kifua kinanisumbua. Nikasema wiki ijayo, nimalize kuvuna." Akafuta kidole kwenye shuka. "Tangu utoto nilimpigia kelele aache miluzi. Leteni hiyo saruji."

Chiriku ndiye aliyeliziba. Mshonaji alimnyanyua, na mtoto akashindilia saruji kwa kidole gumba mpaka haikuingia tena. Alama ya kidole chake ikabaki hapo, na imebaki mpaka leo. Mchana huo Mama Friji alikuja na bomba fupi, wavu na kifuniko. Wakatoboa tundu la kupumulia juu ya ukuta wa pili, mahali alipopachagua Chiriku mwenyewe. Mama Friji aliwaambia lisizibwe kwa kitambaa hata siku ya baridi kali, na saa za mchana wafungue dirisha kidogo ili unyevu wa pumzi utoke. Jiko la mkaa libaki uani, siku zote. Hakurudia mara mbili.

*

Bibi hakuondoka Jumapili. Alisema mguu unamuuma. Mama Friji alikuwa amewaazima kipimajoto anachokipimia friji, na kila asubuhi Chiriku alikisoma kwa sauti. Kabla ya kazi kilikuwa kinaonyesha nyuzi kumi na moja. Sasa kilionyesha kumi na sita, bila jiko, bila moshi. Bibi aliacha taulo la kichwa, kisha shuka moja. Kikohozi kilipungua hadi kikawa cha asubuhi tu, kisha kikapotea. Muuguzi alisikiliza kifua mbele na nyuma, akaonekana kuridhika, akasema waendelee hivyo hivyo.

Lakini alfajiri zilikuwa nzito. Ukimya ulikaa kati ya vyumba viwili kama mtu. Asubuhi ya kwanza baba na mtoto walilala macho wazi, kila mmoja upande wake wa ukuta, na hakuna aliyesema neno. Asubuhi ya pili Mshonaji aliinuka, akaenda kusimama mlangoni kwa mtoto, akiwa hajui aseme nini. Chiriku alijiinua kitandani.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Ilikuwa kidogo. Haikutosha. Lakini kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa.

Siku Bibi alipofunga mfuko wake, Mshonaji aliingia chumbani kuubeba. Akaona gauni dogo la bluu limerudishwa kwenye msumari wake ukutani. Alisimama akilitazama mpaka Bibi akamwita.

Walimsindikiza hadi barabarani. Upepo ulikuwa ukivuma, na Bibi alilalamika kwamba anarudi kwenye baridi yake.

"Bibi, kwako nako kuna mluzi?" Chiriku aliuliza.

"Mluzi? Mke mwenzangu, kwangu ni bendi nzima. Mlango unapiga ngoma, mabati yanaimba."

Chiriku alicheka, na kicheko hakikugeuka kitu kingine. Kisha akaanza kueleza, bila kuvuta pumzi, habari za ukanda wa gazeti, na uzi wa moshi, na kwamba vipande vyeupe havibanwi, na kwamba Bibi atoe jiko nje kabla ya kufanya lolote. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, macho yakimeta.

"Nitakuja kukutengenezea, mama," Mshonaji alisema.

"Lini?" Chiriku aliuliza.

Mshonaji alifungua mdomo. Lile neno la zamani lilikuwa tayari kwenye ulimi, jepesi, limezoea njia. Alimwona mke wake amesimama kwenye cherehani, mikono kifuani, akilisubiri. Akalimeza. Likashuka kama sindano.

"Jumamosi hii inayokuja," alimwambia Bibi, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na chaki na uzi. Mtoto wako nilimwambia kesho. Wewe nakuambia siku."